Josho Lililofungwa kwa Kifua cha Gerson

Gerson Ndahani alikuwa mtu mkali, na sioni sababu ya kumpaka mafuta. Alikuwa mkali kwa ng'ombe, mkali kwa wenye ng'ombe, mkali hata kwa mvua ikichelewa. Miaka kumi na tisa aliogesha mifugo kwa dawa ya kupe kwenye josho la kijiji chao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyethubutu kumletea ng'ombe mwenye kiu.

"Kamnyweshe kwanza!" alikuwa anafoka. "Akiinywa dawa humo ndani utakuja kunililia mimi?"

Na mwenye ng'ombe, awe mzee awe kijana, alikuwa anageuza, anakwenda kunywesha, anarudi kimya. Ng'ombe hapendi josho. Akifika ukingoni anagoma, anampanda mwenzake, anataka kurudi alikotoka. Gerson alisimama palepale ukingoni, akashika mkia, akasukuma, akatukana, na kila siku ya kuogesha alirudi nyumbani amelowa dawa hadi kiunoni. Ndama ndio aliowaonea huruma. Kila ndama aliyepita mbele yake alimpapasa chini ya sikio, kutafuta tezi lililovimba, maana ndigana kali inayoletwa na kupe huanzia hapo. Mkono wake ukisema huyu anaumwa, basi anaumwa.

Mwenzake wa kazi alikuwa bwana mifugo, Suleiman, Msandawe wa Chemba, kijana wa miaka thelathini na mbili, mpole hadi unamwonea uchungu. Suleiman ndiye aliyepima dawa kwa kijiti na kikombe, Gerson anakoroga. Walitaniana wiki nzima. Gerson alimwambia kwamba lugha yao ya vidoko inasikika kama mtu anayeita mbuzi, Suleiman anamjibu kwamba afadhali mbuzi wanamsikia, Gerson hata mke wake hamsikii. Walielewana, ndiyo maana yaliyofuata yanakera mpaka leo.

Novemba mdomo ulianza kumuuma. Chai ikamchoma, ugali wa uwele ukawa kama anatafuna kokoto, hata mlenda, chakula cha mtu asiye na meno, haukupita. Akaenda zahanati, akaambiwa ni fangasi, akapewa dawa ya kupaka. Wiki mbili, hakuna kitu. Akarudi, akaambiwa asukutue na maji ya chumvi. Mke wake, Anyesi, alikoroga chumvi ya mawe kwenye kikombe, nyingi, kwa sababu alitaka apone haraka. Gerson alivyotia mdomoni, ukelele alioutoa ulisikika hadi kwa jirani. Midomo ikapasuka na kuganda damu, macho yakawa mekundu, na kufikia Krismasi malengelenge yakatoka kifuani na mgongoni, makubwa, ya maji. Yakipasuka ngozi inabaki kwenye shati. Mtu anavua nguo na ngozi inatoka nayo! Hebu fikiria mwenyewe.

Sasa, mwezi ule ule wa Novemba lilikuwa limeletwa dumu jipya la dawa ya kuogeshea, lebo nyingine, harufu kali kuliko ile ya zamani. Gerson akaunganisha mambo. Nani asingeunganisha? Mtu analowa dawa kila wiki, dawa imebadilishwa, ngozi inatoka. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaunganisha kabla yake.

Januari ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Thomas alipomaliza salamu, Gerson alisimama, akavua shati mbele ya watu wote. Wanawake waliziba midomo. Watoto wakafukuzwa.

"Huyu hapa," Gerson akasema, akimwonyesha Suleiman kwa kidole. Maneno yalitoka kwa shida kwa sababu ya vidonda. "Huyu ndiye aliyenichuna. Kazidisha dawa. Leo ni mimi, kesho ni watoto wenu mnaowatuma na ndama."

Suleiman alisimama taratibu. "Mzee Gerson, dawa nilipima mbele yako na ukaikoroga wewe mwenyewe. Mimi nami nalowa. Mbona mimi sina kitu?"

"Kwa sababu wewe unasimama mbali, na mabuti yako!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mmoja akaropoka kutoka nyuma kwamba Wasandawe wana dawa zao, nani anajua kijana huyu anachanganya nini humo. Gerson alisikia. Alijua ni upuuzi, alijua kabisa, na alinyamaza. Jioni ile ile josho likafungwa kwa kufuli, ufunguo akakabidhiwa mwenyekiti, na wiki iliyofuata Suleiman akaondolewa. Wakubwa wake hawakumuuliza mara mbili. Walimwandikia barua ya onyo, wakaitia kwenye jalada lake, wakampeleka kata ya mbali huko Kondoa kukaa bila kazi ya maana.

Josho limefungwa, basi ngozi ingepona, sivyo? Haikupona. Mwezi mzima Gerson hakugusa tone la dawa ile na malengelenge yalizidi. Mtu mwenye akili angejiuliza. Gerson hakujiuliza, alisema sumu imeshaingia mwilini. Ni Anyesi aliyechoka. Siku moja ya Februari alifunga nguo kwenye mfuko, akakodi bodaboda hadi Mpwapwa, akampakia mume wake kwenye basi la Dodoma, na hakumwomba ruhusa.

Walifikia Ipagala, kwa Scolastika, dada yake mdogo Gerson, mwalimu wa shule ya msingi. Kesho yake wakaenda hospitali kubwa, na huko wakakutana na daktari msichana, Jenifa, ambaye alimwamkia shikamoo, akavaa glavu, akamwangalia mdomo, macho, kifua, mgongo. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifanya tangu Novemba. Alipeleka vidole chini ya taya, akashuka shingoni, akaingia makwapani, akapapasa.

"Baba, hivi vinundu vina muda gani?"

Gerson alivuta shati kufunika kwapa. Vilikuwa na muda. Alivihisi tangu kiangazi, alipokuwa anaoga. Yeye aliyepapasa ndama elfu ngapi sijui, aliyejua tezi la ugonjwa kwa giza na kwa mwanga, aligusa matezi yake mwenyewe, akasema ni uzee. Uzee gani wa miaka hamsini na mbili?

Walikata kipande cha ngozi, wakakata na tezi moja la kwapani, wakavipeleka kupimwa, wakachukua damu chupa kwa chupa. Wiki tatu walisubiri. Majibu yalipokuja Daktari Jenifa alimketisha pamoja na Anyesi na Scolastika, akavuta kiti karibu.

"Baba, una saratani ya damu, ya aina inayokaa kwenye matezi. Vidonda hivi vimeletwa na hiyo. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Saratani imewavuruga hao askari, sasa wanaipiga ngozi yako, wanaupiga mdomo wako, wakidhani ni adui. Siyo maambukizi, hutamwambukiza mtu. Tutakupa dawa za kuwatuliza hao askari, halafu dripu za saratani. Tukiidhibiti saratani ngozi inaweza kutulia. Ninachokiogopa ni kifua, kwa sababu askari hao hao wanaweza kuyashambulia mapafu. Ukianza kukosa pumzi niambie siku hiyo hiyo."

Gerson alimtazama kwa hasira, kana kwamba msichana wa watu ndiye aliyemtia ugonjwa. "Na dawa ya josho?"

"Dawa gani?"

Anyesi akaeleza. Daktari alitikisa kichwa. "Dawa hiyo inaweza kuwasha ngozi ikimwagikia, lakini haileti ugonjwa huu. Kingeumia kile kilicholowa tu. Mdomo uliulowesha? Matezi je? Hapana, baba. Huu ulikuwa umeshaanza ndani."

Usiku ule Anyesi alimwambia mume wake, "Baba Witness, piga simu nyumbani. Wafungue josho."

"Nitapiga nikipona."

"Kwa nini usipige leo?"

"Nimesema nikipona!"

Hapo ndipo ninapomkasirikia mwenyewe, na sitaficha. Kukosea, watu wote wanakosea. Lakini sasa alijua. Alijua josho halina kosa, alijua Suleiman hana kosa, na alikaa kimya kwa sababu aliona aibu kuitwa mwongo akiwa bado na midomo iliyopasuka. Alisema moyoni kwamba wiki mbili tatu haziui mtu. Akachomwa dripu ya kwanza, akatapika, akadhoofika, akaanza kuhema akipanda ngazi mbili. Akamwambia daktari, daktari akakunja uso, akampeleka picha ya kifua. Josho lilibaki na kufuli lake na masika yalikuwa yamekolea, majani yamejaa, na kupe wamejaa humo kwenye majani.

Mwishoni mwa Aprili akaja Mazengo.

Mazengo alikuwa rafiki yake tangu utotoni na mtunza ng'ombe wake. Kwetu mtu haweki mifugo yake yote kwenye zizi moja. Anaweka wachache kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa na kutunza, ili balaa likipiga zizi moja usibaki mikono mitupu. Gerson alikuwa na majike matano kwa Mazengo. Na desturi ya ng'ombe wa kuwekezwa inajulikana: akifa, mtunzaji haji na maneno matupu. Anakuja na ngozi, mwenye mali aone kwa macho yake kwamba mnyama amekufa, hakuuzwa.

Mazengo aliingia uani kwa Scolastika asubuhi, na kiroba mgongoni, vumbi la safari bado usoni. Alisalimia, akauliza hali, akakataa chai. Halafu akafungua kiroba, akatandaza ngozi za ndama chini, moja, mbili, tatu, nne.

"Ndama wako wote wa mwaka huu," alisema. "Wangu saba. Ngozi zangu sikuzibeba."

Gerson aliinuka kwenye kiti kwa kujikokota, akapiga magoti. Aliigeuza ngozi ya kwanza. Kupe walikuwa bado wameng'ang'ania masikioni, wamekauka, wengi kama mtama. Alipeleka vidole vyake, navyo vimefungwa bandeji, mahali penye mzizi wa sikio.

"Walivimba hapa?"

"Walivimba. Wakakosa pumzi, wakatoa povu puani, wakalala. Kijiji kizima ni hivyo hivyo, Gerson. Mama Denis hana hata mmoja. Nimekuja ili unieleze, maana wewe ndiye mjuzi. Josho limefungwa kwa ajili yako na hatulalamiki, tumekuona kwa macho. Ila tunyunyize nini? Niambie dawa isiyochuna watu, tukainunue."

Gerson alibaki amepiga magoti pale chini. Scolastika alisema baadaye kwamba alifikiri kaka yake amezimia. Kisha alianza kupiga ngumi ardhini, polepole, ngumi za mtu asiye na nguvu, na bandeji zikaanza kulowa damu.

"Haikunichuna," alisema. "Haikunichuna, Mazengo. Ni damu yangu. Nimejua tangu mwezi wa tatu."

Mazengo hakuelewa mara moja. Anyesi ndiye aliyemweleza, kila kitu, bila kumficha mume wake. Mazengo alisikiliza hadi mwisho. Akakunja ngozi zile nne moja moja, akamwachia mwenye mali mlangoni, akachukua kiroba kitupu.

"Mwezi wa tatu wangu walikuwa hai," alisema. "Wote saba."

Akaondoka, na hakuaga.

Siku hiyo Gerson alimpigia Suleiman. Namba alikuwa nayo muda wote. Alieleza kwa pumzi za vipande vipande, akasema samahani mara nne.

"Mzee Gerson," Suleiman akasema, "pole kwa ugonjwa. Hiyo nasema kwa moyo mweupe. Lakini samahani yako niipeleke wapi? Mama yangu ameambiwa sokoni kwamba mwanawe ni mchawi. Ulikuwepo pale mkutanoni liliposemwa neno hilo, ukanyamaza. Usiniombe mimi. Waombe walionifukuza." Akakata simu.

Daktari Jenifa aliposikia kwamba mgonjwa wake anataka kusafiri, aligombeza. Kinga ya mwili iko chini, kifua hakieleweki, dripu inayofuata ni wiki ijayo. Gerson akasema atarudi kabla ya dripu, na kama atakufa njiani basi atakufa. Daktari akampa dawa za safari na barakoa, akamwambia Anyesi, "Mama, mrudishe Jumatatu. Nakutegemea wewe, yeye simtegemei." Anyesi akajibu kwamba hata yeye hamtegemei.

Jumamosi watu wakakusanyika tena kijijini. Gerson aliwekewa kiti. "Mbukwenyi," akawasalimu kwa Kigogo, wakaitikia. Akasema yote. Alisema ugonjwa ni wa damu, kwamba umeanza ndani, kwamba josho ni safi na Suleiman ni safi, na kwamba amejua kwa wiki saba akanyamaza. Alidhani watamtukana. Alikuwa amejiandaa kutukanwa.

Walimcheka. Ndugu zangu, walimcheka!

"Amelishwa maneno huko mjini," mmoja akasema. Mwingine akasema kijana Msandawe ametuma watu. Mwenyekiti Thomas akasema kwa upole wa kukera kwamba mgonjwa apewe maji, amechoka na safari. "Tuliona wenyewe, Gerson. Ngozi ilitoka mbele yetu. Daktari hakuwepo hapa."

"Nilipowaambia uongo mlipiga makofi!" Gerson alitaka kupaza sauti lakini kifua kilikataa, ikatoka kama mluzi. Alikohoa mpaka akainama. "Mlipiga makofi, nyie! Leo nasema kweli mnanipa maji?"

Anyesi alikuwa amekaa na wanawake. Alikuwa amevumilia tangu Novemba: chumvi, malengelenge, shuka za kufua kila alfajiri, na mume mwenye kiburi. Akasimama, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti, akanyoosha mkono.

"Ufunguo."

"Mama Witness, tulia kwanza."

"Mwenyekiti, nipe ufunguo au nivunje kufuli kwa jiwe. Chagua."

Alipewa. Kata nzima haikuwa na bwana mifugo. Yule wa kata jirani alikuwa ameshakataa kuja, akisema hataki kufanywa kama mwenzake. Kwa hiyo Anyesi alichanganya dawa mwenyewe, Gerson amewekwa kivulini mbali kidogo, akimwelekeza kwa ishara na kwa maneno mawili mawili: pima hapa, ongeza maji, koroga, bado, koroga. Alimsihi avae glavu na mabuti, akamfokea kwa pumzi iliyobaki.

"Nikivaa watasema ndiyo maana sikuungua," Anyesi alimjibu. "Nyamaza. Hii ni bei ya ukimya wako."

Akakunja mikono ya blauzi, akatumbukiza mikono yote miwili hadi viwikoni mbele ya kijiji, akaitoa, akaipandisha juu. Hakuna aliyecheka tena. Ndipo Mazengo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemwangalia Gerson, aliondoka, na baada ya nusu saa akarudi na ng'ombe wake wachache waliobaki, amewanywesha tayari. Waliogeshwa peke yao siku hiyo. Wengine wakasema wataiangalia kwanza mikono ya Anyesi. Na waliiangalia, kanisani, kisimani, mnadani, wiki nzima. Alikuwa anawasukumizia usoni: "Haya, kagueni! Mmeona lengelenge? Basi kaogesheni!" Jumamosi ya pili walikuja ng'ombe mia mbili na kidogo.

Gerson habari hizo alizipokea kwa simu, Ipagala, maana Jumatatu Anyesi alimrudisha kama daktari alivyoagiza, kisha mwenyewe akageuza kwenda kijijini. Mdomo ulikuwa umepata nafuu kidogo, aliweza kunywa uji. Kifua hapana. Sasa alilala amekaa, na mito mitatu nyuma, na Daktari Jenifa, kila alipokuja kumwona, alikwepa kumtazama machoni.

"Na Suleiman?" aliuliza kwenye simu.

"Suleiman yuko huko huko," Anyesi akasema. "Barua ile ya onyo bado iko kwenye jalada lake. Maneno ya mkutanoni hayafiki kwa wakubwa."

Alikata simu, akamwita dada yake, akamwambia alete karatasi na kalamu. Vidole vyake havikuweza kushika. Scolastika akaketi kitandani, akaandika tarehe, akaandika anuani ya wakubwa wa Suleiman, akasubiri.

"Andika," Gerson alisema. "Mimi, Gerson Ndahani, nilimsingizia bwana mifugo Suleiman." Akapumzika. "Nilisema uongo."

Scolastika alisimamisha kalamu. "Kaka, si uongo. Hukujua. Tuandike kwamba ulikosea."

"Januari nilikosea. Mwezi wa tatu nilijua." Akahema muda mrefu, mkono kifuani, akamzuia dada yake asimpe maji. "Wanyama wa watu wamekufa nikiwa najua. Mtoto wa watu ameitwa mchawi nikiwa najua. Andika uongo, Scola. Andika vizuri, herufi kubwa, wasije wakasema hawakuona."

Scolastika akaandika.